Kitanda cha Mama Mkwe

Kila simu ya video ilipoingia kutoka Ujerumani, Nangila alijitanda leso kichwani na kuondoka sebuleni bila kuambiwa. Alitoka hadi kibarazani, akarudisha mlango nyuma yake, akasimama huko nje katikati ya ndoo za nguo akiutazama mlima Menengai, mlima ambao haujawahi kuwa na habari mpya. Mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Simu za siku hizi, zenye macho mengi kuliko watu, hazikubadilisha neno hilo hata kidogo. Maxwel, mkwe mwenyewe, huko kambini kwake naye alikuwa na adabu zake. Kabla ya kuwasha kamera aliuliza kwanza, "Mama ametoka?"

Jumapili ile Nangila alikaa nje mpaka miguu ikamuuma. Mara akasikia bintiye Naliaka akipiga kelele ndani, na kabla hajajua kama ni kilio au ni kicheko, mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Mama, imekubaliwa! Mimi na Nasambu! Jeshi limekubali tuende!" Naliaka alikuwa amembeba mtoto kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, na vyote viwili vilikuwa karibu kuanguka. "Maxwel anakuja Jumamosi kutuchukua. Tunalala Nairobi, Jumapili tunapanda ndege."

Nangila akapiga vigelegele. Mama gani hapigi? Alivipiga mpaka Madhu, mke wa mwenye nyumba, akafungua dirisha huko chini kuuliza kuna nini. Kisha akamchukua mjukuu wake, akamweka begani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya ambazo hana haja nazo.

"Na hii nyumba?"

"Inarudi kwa Mzee Ratilal mwisho wa mwezi. Si unajua, Mama, hiyo house allowance inafuata mke. Nikienda, nayo inaenda. Huku haibaki hata ya kulipa stima." Naliaka akambusu shavuni. "Na wewe sasa utapumzika. Miezi yote hii unalala huku kwa watu, na chumba chako kimekaa bure."

"Nitapumzika," Nangila alisema.

Lakini chumba hakikuwapo. Kilikwisha kwenda tangu mwezi wa tatu, na katika dunia nzima waliojua ni Nangila mwenyewe, Zeddy anayesimamia landhi, zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, na msichana mmoja wa kuuza maziwa aliyekuwa akilala humo.

Ili mtu aelewe jinsi mwanamke mwenye akili timamu anavyoweza kupoteza nyumba huku amelala kwenye nyumba nzuri kuliko zote alizowahi kulala, ni lazima turudi nyuma kidogo.

Maxwel alikwenda Marekani kijana, akaingia jeshi lao, akarudi mara moja tu kulipa mahari na kufunga ndoa. Mara jeshi likampeleka Ujerumani, na kwa kuwa lilikuwa bado halijamruhusu kwenda na familia, likawa linamlipia mkewe nyumba huku alipo. Marupurupu yenyewe yalikuwa na masharti yake: nyumba halisi, kodi halisi, na ndani yake mke na watoto. Mama mkwe hakuandikwa popote. Ndipo Naliaka, aliyezaliwa na kulelewa kwenye chumba kimoja cha landhi ya reli, akajikuta orofa ya pili kwenye jengo la Ratilal, mwenye vyumba vitatu na bomba la maji moto.

Nangila alifurahi, akaja kuitazama, akaisifu, na jua lilipoanza kushuka akachukua mkoba wake akarudi kwake. Kwa Wabukusu mama hulala popote isipokuwa kwa mume wa bintiye. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Kumbe Naliaka alikuwa ameshika mimba tangu siku za harusi, na mimba ikaja na presha. Daktari akamwambia alale, asiinue hata sufuria, asiachwe peke yake. Nangila akawa anakuja alfajiri na kuondoka magharibi, mpaka asubuhi moja alipofungua mlango akamkuta bintiye sakafuni bafuni, macho yamegeuka. Walimwahi hospitali. Daktari aliuliza swali moja tu: usiku alikuwa na nani?

Ikabidi aitwe Nicodemus, kaka mkubwa wa Maxwel, anayefanya kazi kwenye machimbo ya Kariandusi na ambaye hata akioga mara mbili hubaki na vumbi jeupe kwenye nyusi. Nicodemus ni mzee wa kanisa na pia mzee wa ukoo, na huwezi kujua ni yupi kati yao anayesema. Alikaa kwenye kochi, akanywa chai yote, ndipo akafungua kinywa.

"Hii nyumba Maxwel hajawahi kuikanyaga. Hana hata shati hapa. Mwenye nyumba ni Mhindi, na mwenye kulipa ni jeshi. Mama anaweza lala hapa kama mgeni. Lakini sikizeni vizuri. Mgeni ni mtu ako na kwake. Siku Mama atafunga kwake ahamie huku, atakuwa anaishi na mkwe wake nyumba moja, na hiyo maneno sitaki kuisikia. Na Maxwel akiisikia hataweza kuingia hapa tena."

Kila mtu alishusha pumzi. Ilikuwa hukumu safi, haina ufa. Nangila akalala kwa Ratilal kama mgeni, mwezi ukaja, mwezi ukaenda, Nasambu akazaliwa salama, na bado presha ya Naliaka ikawa inapanda na kushuka ikimkataza bibi kuondoka.

Tatizo ni kwamba mgeni huyu alikuwa mfanyabiashara. Nangila alikuwa akiuza viazi na kabeji sokoni, mali ya Molo, na lori la Molo halimngoji mwenye mjukuu. Linaingia kabla ya mapambazuko, wanaolikuta wananunua, wasiolikuta wanakwenda nyumbani. Asiponunua hauzi, na asipouza kodi ya chumba inatoka wapi? Mwezi wa kwanza Zeddy alimvumilia. Wa pili akauza kitanda. Wa tatu akauza jiko na kabati, akalipa alichoweza, akarudisha ufunguo.

Mtu atauliza, kwa nini asimwambie bintiye? Naliaka mwenyewe aliuliza mara nyingi, "Mama, kodi ya kwako umelipa?" na mara zote Nangila alijibu kwamba amelipa. Pesa za Naliaka zilikuwa pesa za Maxwel, na pesa za Maxwel zilikuwa za nyumba. Mama mkwe alipiwe chumba na marupurupu ya nyumba ya mkwewe? Angekuwa na tofauti gani na mke wa pili? Afadhali njaa. Na baada ya chumba kwenda, mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu sasa kusema hana kwake kulikuwa ni kusema kwamba amevunja neno la Nicodemus, na kwamba kila usiku aliolala hapo alilala kwa mkwe wake.

Basi akadanganya. Kila Jumapili baada ya kanisa alisema anakwenda kufagia kwake, akaenda kweli mpaka landhi, na huko akakaa kwenye kigoda cha Jepkoech, yule msichana wa maziwa, mbele ya mlango uliokuwa wake. Jepkoech hakumuuliza kitu. Alimpa maziwa kwenye kikombe na kuendelea na kazi zake. Siku moja Nangila alirudi akiwa amechoka, Naliaka akamuuliza kulikoni, naye akajibu, "Ni kitanda changu. Kimezeeka. Nikijilaza kidogo kinalia mpaka majirani wanasikia." Hata hakujua kwa nini aliongeza hilo la majirani. Uongo una tabia ya kutaka viungo.

Sasa alikuwa na siku sita.

Jumatatu alikwenda sokoni. Mahali pake pa viazi palikuwa na mama mwingine, mwenye mwavuli mkubwa na wateja. Jumanne akamwendea Zeddy.

"Mathe, hakuna," Zeddy alisema, na ni kweli alikuwa na huruma. "Hii landhi hata nikitangaza choo leo, kesho kiko na mpangaji. Na kama ingekuwepo, deposit uko nayo?"

Hakuwa nayo. Akamshukuru, akapita kwa Jepkoech, akakuta kufuli mlangoni.

Jumatano alasiri alikuwa chini kwa Madhu, wakichambua dengu pamoja kama walivyozoea. Madhu, mama yake Darshana, alikuwa mwanamke mzee kama yeye, mfupi, mwenye miguu inayovimba, na tangu mwanzo walielewana kwa jambo moja ambalo watoto wao waliliona upuuzi. Mama yake Madhu, alipokuwa hai, akitoka Kisumu kuja kumwona bintiye hapa Nakuru alibeba maji yake kwenye chupa. Kwa watu wao wa zamani mzazi hali wala hanywi kwa mume wa bintiye.

"Sasa wewe utaenda wapi?" Madhu aliuliza.

"Kwangu. Landhi."

Madhu aliondoa jiwe kwenye dengu, akalitazama. "Mama Naliaka, Ratilal alipita huko na gari Jumapili. Alikuona umekaa nje. Msichana mwingine alikuwa anaingia na kutoka na ndoo yake. Alisema, huyo mama amekaa kama mtu anangoja kuitwa."

Nangila aliendelea kuchambua dengu ambazo hazikuwa na uchafu.

"Mwambie binti yako," Madhu alisema.

"Nikimwambia hataenda."

"Kwenda, kukataa, hiyo aseme yeye. Mimi nakuambia, mwambie."

"Mama Darshana, wewe ungemwomba mama yako akunywe maji yako, angekunywa?"

Macho ya Madhu yalijaa machozi, akasukuma sinia kando, akasema dengu za siku hizi ni vumbi tupu.

Hata hivyo maneno yale yalimwingia Nangila. Alhamisi alipiga moyo konde. Walikuwa wakikunja nguo za mtoto, Naliaka akipanga na kupangua sanduku, na Nangila alikuwa ameshalitafuta neno la kuanzia, amelipata, liko kwenye ulimi. Ndipo Naliaka akakaa kitako sakafuni, akamshika goti.

"Mama, unajua nini kinanipa amani? Una kwako. Wangari wa pale nyuma mama yake amebaki akitangatanga kwa ndugu, leo huku, kesho kule. Ungekuwa hivyo, haki ya Mungu nisingepanda hiyo ndege. Ningemwambia Maxwel aende peke yake hata kama ni mwisho wa ndoa."

Nangila alimeza lile neno pamoja na mate yake. Akachukua soksi ndogo, akatafuta ya pili.

"Lete hiyo nyekundu," alisema.

Alikuwa na hasira, tuseme ukweli. Hakumkasirikia Naliaka, na Maxwel ambaye hakumkosea kitu hakumkasirikia pia. Aliikasirikia hiyo pesa ya nyumba. Ilikuwa imemhifadhi mtu aliye mbali na mtu aliye karibu, ikamhifadhi hata mtoto ambaye hajazaliwa, na yeye ilimpita katikati kama mtu asiyeonekana, na juu ya hayo yote ilimtaka apige vigelegele.

Jumamosi alivaa gauni lake la kanisa. Alikuwa ameamua ataondoka mapema na mkoba wake kabla Maxwel hajafika, na kuhusu atakapokwenda angejua njiani. Lakini Naliaka alipanda ngazi mbio, anahema, mtoto hana.

"Usishuke bado! Amefika. Amembeba Nasambu, Mama, analia kama yeye ndiye mtoto. Amesema hawezi kuingia nyumba hii wewe ukiwa ndani, na hawezi kukutoa mikono mitupu. Amekuletea kitu. Anataka akifikishe kwako mwenyewe, mpaka mlangoni, ndiyo arudi aingie hapa."

"Kitu gani?"

"Njoo uone."

Nangila alitazama chini kutoka kwenye kibaraza. Nje ya geti kulikuwa na pikapu, na juu ya pikapu kulikuwa na kitanda. Kitanda cha mbao nzito, kichwa chake kimechongwa maua, na godoro nene bado liko ndani ya nailoni yake. Kando yake alisimama mwanamume mrefu mwenye mtoto begani, ameupa mgongo mlango wa jengo kwa heshima, akitazama barabara.

"Ulisema chako kinalia," Naliaka alisema. "Nilimwambia. Akasema mama aliyemlelea mke na mtoto hawezi kulala kwa kitanda kinalia."

Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumnunulia Nangila kitanda. Kile cha kwanza marehemu mumewe alikirithi kwa mtu wa reli aliyehamishwa. Alishikilia chuma cha kibaraza, na hakujua kama anachohisi ni shukrani au ni hofu, kwa sababu vyote viwili vilikuja kwa mlango mmoja.

Gathogo, dereva wa pikapu, alimfungulia mlango wa mbele. "Karibu, mathe. Leo wewe ndiye bibi harusi." Nangila akaketi, Naliaka na mtoto wakabanana naye. Maxwel hakuweza kukaa kiti kimoja na mama mkwe wake, kwa hivyo alipanda nyuma na koti lake zuri la Ulaya, akakishika kitanda kwa mikono miwili njia nzima. Watu wa barabarani walimpungia. Kwenye kioo cha pembeni Nangila aliona kiwiko chake tu, akageuza macho.

"Mama, mbona umekunja uso?" Naliaka aliuliza.

"Ni jua."

Walipopinda kuingia landhi moyo ulikuwa ukimpiga mpaka aliogopa mtoto atausikia. Zile nyumba ndefu za mawe zilikuwa pale pale, na mabati yake yaliyopauka, na veranda moja ndefu inayoshirikiwa na wote. Mlango ulikuwa na kufuli. Jepkoech alikuwa amekwenda kwa wateja wake. Nangila alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha akaona aibu kumshukuru Mungu kwa jambo kama hilo.

Gathogo na Maxwel walishusha kitanda, wakakiweka verandani, godoro juu yake. Mara Maxwel akaondoka kinyumenyume mpaka chini ya mti wa jakaranda, akageuza uso. Mlango wa mama mkwe hausogelewi, na chumba anacholala ndiyo kabisa. Gathogo, Mkikuyu asiyejua mambo haya, alibaki akipangusa mikono.

"Si tuingize ndani, mathe? Ni dakika moja tu."

"Wacha hapo. Zeddy atanisaidia kutoa kile cha zamani kwanza."

"Gathogo, toka hapo," Maxwel aliita kutoka kwenye mti, bila kugeuka. "Hapo si mahali petu. Mama atakiingiza na watu wake."

Kwa hivyo mila ile ile iliyomkosesha Nangila nyumba ndiyo iliyomwokoa mbele ya mlango wake. Lakini kwa mkwe tu. Naliaka ni binti, na binti anaingia.

Alikuja na mtoto kiunoni, akasimama mbele ya mlango. "Umebadilisha pazia."

"Nimebadilisha."

Pazia la Nangila lilikuwa la kijani, na kiraka chini. Hili dirishani lilikuwa la manjano, jipya. Naliaka akaishika kufuli. Ile yao ya zamani ilikuwa na bonde ubavuni, alipoipiga jiwe yeye mwenyewe siku alipopoteza ufunguo akiwa darasa la tano, na kipigo cha siku hiyo hawezi kukisahau. Aliigeuza hii huku na huku. Ilikuwa laini. Chini ya dirisha kulikuwa na madumu matatu ya maziwa yaliyoinamishwa yakauke, na viatu vya plastiki vya mguu mdogo.

"Fungua, Mama, nimkalishe Nasambu kidogo."

"Ufunguo uko kwa Zeddy."

Naliaka akainua macho. Nangila akampa lile jicho ambalo zamani lilinyamazisha watoto wote wa benchi moja kanisani. Lakini ndani yake, chini ya lile jicho, alikuwa akiomba kitu kingine. Alikuwa akiomba aonekane. Niulize, alisema moyoni. Niulize mara moja tu, sitaweza kudanganya tena, nitalia hapa hapa na kila mtu ajue.

Naliaka aliona. Nangila aliona kwamba ameona, kwa sababu mkono ulianguka kutoka kwenye kufuli. Midomo ilifunguka.

"Mama."

Chini ya mti Maxwel alikohoa, akatazama saa. Gathogo alikuwa amekwisha kuwasha injini. Nasambu alinyoosha mkono kwa bibi yake, akavuta ukingo wa leso.

Naliaka akageukia kitanda. Akachomeka pembe ya nailoni iliyokuwa imefunuka chini ya godoro, akaizunguka mpaka upande wa pili, akachomeka na ya huko, akaikaza vizuri kama anayemtandikia mgonjwa.

"Kuna mvua jioni," alisema, bila kumtazama.

"Nenda, mwanangu. Mume wako anachomwa na jua."

Naye akaenda. Nangila alipunga mkono mpaka pikapu ikapinda, na hata baada ya hapo mkono ulibaki juu kidogo. Hakumlaumu. Alijiambia hivyo mara kadhaa, hamlaumu, ndivyo alivyotaka mwenyewe, ndiyo maana alidanganya. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kumlaumu kwa moyo wake wote.

Jepkoech alirudi akisukuma baiskeli, dumu tupu likigongagonga. Alisimama, akatazama.

"Mathe, sasa? Hii ni nini imeziba mlango yangu?"

"Ni kitanda. Mkwe wangu ameninunulia."

"Wacha! Hiki?" Jepkoech alipapasa yale maua ya mbao kwa vidole. "Huyo ni mkwe. Na unakipeleka wapi?"

Nangila alifungua kinywa aseme "kwangu." Alikuwa amelisema neno hilo miezi yote, kwa kila mtu, bila shida. Safari hii halikutoka. Alibaki kinywa wazi, na Jepkoech, ambaye hakuwa mjinga, aliegemeza baiskeli ukutani.

"Kwangu hakiingii, mathe," alisema baadaye, kwa upole. "Hata nikilala kwa paa. Hebu ona, kinashinda chumba."

"Najua ukubwa wa hicho chumba."

"Pole. Nilisahau."

Zeddy alikuja, akakuna kichwa, akasema kinaweza kukaa hapo mpaka Jumatatu, zaidi ya hapo majirani watateta. Jepkoech akachemsha chai ya maziwa mengi. Alimwambia Nangila aingie alale chini kwenye mkeka, watabanana, lakini Nangila alikataa. Ameshalala vya kutosha kwenye nyumba za watu. Mvua ilikuja kama Naliaka alivyosema, ikapiga mabati, na matone ya pembeni yakawa yanadunda kwenye nailoni. Hakuitoa. Alijilaza juu yake na gauni lake la kanisa, akajifunika leso na blanketi ya Jepkoech, na kila alipogeuka nailoni ilichakarisha. Kitanda chenyewe hakikutoa sauti.

Asubuhi simu ikalia. Haikuwa ya video. Nyuma ya sauti ya Naliaka kulikuwa na kelele za uwanja wa ndege, magurudumu ya masanduku na mwanamke anayetangaza kwa Kiingereza.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka salama. Kitanda hakilii."

Nangila alisikia pumzi ya Naliaka, nzito, ya mtu ambaye hakulala. Kisha kwa mbali akasikia sauti ya Maxwel, yenye adabu kama siku zote, akiongea na mkewe ili mkewe amwambie mama yake.

"Msalimie Mama. Muulize kama kiliingia kwa mlango. Niliogopa tumenunua kikubwa."

Nangila alikaa wima. Sasa. Alihisi ukweli wote ukipanda kutoka tumboni, umekamilika, haumtishi tena. Akafungua kinywa. Lakini Naliaka alikuwa ameshamgeukia mumewe.

"Kiliingia," alimwambia, harakaharaka. "Kiliingia vizuri sana."

Kisha akarudi kwenye simu. "Mama," alisema, na hapo akakwama.

"Mfunike mtoto," Nangila alimwambia. "Huko wanasema kuna baridi."

Simu ikakatika. Mlango ukafunguliwa nyuma yake, na Nangila akakunja miguu kitandani ili Jepkoech apite na madumu yake ya maziwa.